Dirisha la Bibi Morag

"Ling'oe, uweke la plastiki," Bibi Morag aliniambia. "Hili la mbao halijafunguka tangu marehemu mume wangu aligandishe kwa rangi makusudi, nisiongee na yule mchawi wa ng'ambo ya ua."

Nilipitisha kisu ukingoni. Rangi ikabanduka kama ganda la yai. Nikasukuma kwa kidole. Vyuma vya uzito vinavyolivuta kwa kamba vikashuka ndani ya fremu, dirisha likapanda lenyewe.

Ng'ambo, mchawi mwenyewe alikuwa anaanika soksi dirishani kwake.

"We Morag! Kumbe hujafa?"

"Nakusubiri utangulie!"

Baridi ya Edinburgh haina adabu, nikainua mkono nilifunge. Bibi akanichapa kofi mkononi.

"Chai ninayo," akampazia sauti jirani. "Maziwa ndiyo sina."

Jirani akatoweka dirishani. Punde tukasikia viatu vikivuka ua.