Shokapu za Mwembamba

"Inagusa tena, jamani! Tairi inasaga madigadi!"

Sihaba, bonge la mama, akaruka chini. Shokapu za pikipiki, vile vyuma vya springi vinavyobeba uzito, zilimzoea mumewe, mwembamba kama fito. Leo Mwinjuma huyo kalala kwenye benchi la fundi, homa imempotezea fahamu, na hospitali iko ng'ambo ya mlima.

"Springi nimekaza mpaka mwisho, shemeji," alisema fundi Kombo, mguu wake uliovunjika ukiwa kwenye plasta. "Labda tubane vipande vya mpira katikati ya springi, ila sina."

Sihaba akavua ndala. "Kata! Mwili wangu huu siwezi kuuacha hapa."

Kombo akakata, akabana. Wakampakia Mwinjuma, wakamfunga kwa kanga mgongoni mwa mkewe. Weee, tairi haikugusa!

"Lakini shemeji, umewahi kuendesha?"

"Hiyo nitakusimulia kesho," alisema Sihaba, mguu ukipapasa gia.