Kitovu cha Mjukuu

Siku hizi kila ua sharti ujitunze wenyewe. Uani kwa Bi Mwanamize palikuwa kichaka cha magugu na matofali mabovu. Sasa pana mishubiri, kokoto, na mkono wa chuma unaopita chini ya udongo ukitoa chochote ambacho haukukipanda wenyewe. Hafagii, hamwagilii. Mchaichai aliouchomeka kwa siri aliukuta asubuhi mlangoni, mizizi imeoshwa.

Juzi binti yake, Hidaya, alimletea kitovu cha mtoto wake mchanga ndani ya kitambaa.

"Kizike kilipo changu, mama. Ajue kwao ni hapa."

Bi Mwanamize alichimba kwa mwiko, akasoma dua, akafukia.

Asubuhi kitambaa kilikuwa mlangoni, kimefuliwa na kukunjwa, kitovu kingali ndani. Kando yake palikuwa na kikopo chenye kutu, kile alichokizika yeye mwenyewe wakati Hidaya alipozaliwa.

"Mshenzi wewe!" alizifokea kokoto. Zilikuwa zinajisawazisha taratibu.

Simu ikaita. "Mama, umeshakizika?"

Alivibana vyote viwili kifuani.

"Tayari, mwanangu. Vipo pamoja."