Midomo ya Mtu Mwingine

Opal alikuwa amewaapia watengeneza filamu kwamba hatamwambia mtu, hata mama yake mzazi. Na sasa, ndani ya ukumbi wa sinema wa kwao Dayton, mwigizaji mrembo anafumbua midomo kwenye skrini, na inayotoka ni sauti ya Opal.

Mama alikuwa akitafuna bisi. "Mzuri jamani! Ila kiuno chenyewe hicho, huwa anakula kweli?"

Opal alicheka, huku machozi yakimlengalenga.

Wimbo ukaanza kupanda. Mama akaacha kutafuna. Mkono wake wenye chumvi na siagi ukapapasa gizani, ukamshika Opal kidole gumba na kukiminya, kama utotoni, kila kwaya yao ya kanisani ilipokaribia noti ya juu.

"Vuta pumzi, mwanangu," alinong'ona.