Kompyuta Yamkataa Kaaha

"Mimi sijawahi kushindwa na mashine," Kaaha alimwambia Ilhan, msichana wa kompyuta. Akafikiri kidogo. "Kusema kweli nimekutana na moja tu, cherehani, nayo ikanishona kidole."

Ilhan hakucheka. Kwenye kioo, chini ya jina la bibi huyu, yalikuwa yametokea tena maandishi mekundu: Jina halikubaliki.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua kubwa ilikuwa imepita Garissa, na ugonjwa uliofuata maji ukafagia mifugo. Sasa shirika moja la misaada lilikuwa linagawa mbuzi kwa kila aliyefiwa na mwenzi wake, awe mke au mume. Wenye ndoa waliambiwa wangoje, na hakuna aliyewaambia hadi lini. Wanawake waliandikishwa chumba hiki, wanaume chumba cha pili, na waya uliopenyezwa ukutani uliunganisha kompyuta za huku na huko. Aliyekataliwa na kompyuta alirudi mikono mitupu. Nyumbani kwa Kaaha kulikuwa na wajukuu wanaolilia maziwa na zizi lisilo hata kinyesi kibichi.

"Hebu nisomee ulivyoandika," akasema Kaaha.

"Kaaha Rage Diriye."

"Ndiye mimi. Rage ni baba, Diriye ni babu. Ukitaka niendelee nitaendelea, lakini adhuhuri itatukuta mababu hawajaisha."

Ilhan alijua kosa lilipo. Ukurasa ule aliutengeneza mwenyewe, akifuata kitabu alichosomea Nairobi, na kitabu kilitaka jina la mwisho la mke lifanane na la mume.

"Ayeeyo, bibi yangu, mume ulisema alikuwa nani?"

"Bishar Abdiwahab. Mungu amrehemu." Kaaha alipangusa jicho kwa ncha ya mtandio. Jicho lilikuwa kavu.

"Basi nikuandike Kaaha Abdiwahab, upite. Wenzako wote wamekubali."

"Wenzangu wana haraka. Bishar alitoa ngamia akanipata mimi. Jina la baba yangu halikuwa kwenye bei."

"Kubali tu, dada," akasema Shamso, aliyekwisha kuandikwa na alikuwa anangoja mbuzi wake wafungwe kamba. "Jina haliliwi."

"Wewe ungepewa mbuzi ungekubali uitwe Bishar mwenyewe."

Foleni ikacheka. Ilhan akaona haya, maana hata mama yake mzazi anaitwa kwa jina la baba yake, si la mume. Akafungua maandishi yaliyojificha nyuma ya ukurasa, akaifuta ile amri. Mara Shamso akarudi mezani kudai jina la baba yake, na wengine nyuma yake. Wote wakarekebishwa, wote wakapita.

Ilipofika zamu ya Kaaha, wekundu ukarudi. Jina halikubaliki.

"Bado? Basi iseme kwa nini."

"Haijui kusema, Ayeeyo. Niliipa jibu moja tu kwa makosa yote."

"Kama mume wangu. Ukimuuliza lolote ni hapana. Hata chai ya tangawizi hataki."

"Hataki?" akauliza Shamso.

"Hakutaka. Msiba unachanganya maneno."

Ilhan alihesabu herufi, akatafuta nafasi iliyozidi mwishoni mwa jina, akafuta yote akaandika upya. Wapi. Akajaribu jina lake mwenyewe, likapita. Akajaribu la jirani yake, likapita.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema Kaaha.

"Ayeeyo, nisikilize. Nikiandika Kaaha Abdiwahab itakubali sasa hivi. Nimeijaribu. Utachukua mbuzi wako, utakwenda."

Kaaha aliutazama mlango, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Kisha akakunja vazi lake, akaketi sakafuni mbele ya meza, miguu ameinyosha njiani ili mtu asipite.

"Siondoki. Kama jina la Rage lina ubaya, iniambie machoni pa watu. Nilikaa hivi mbele ya mkuu wa wilaya wakati wa mkoloni, nikaondoka na ngamia wetu. Kijisanduku hiki kitanitoa?"

Mwanamke wa nyuma yake naye akaketi. Kisha foleni nzima.

Ilhan alivuta kiti. Akaliandikia kila kosa maneno yake, moja baada ya jingine: jina likiwa fupi mno, iseme ni fupi; likiwa na tarakimu, iseme hivyo; likikataliwa kwa sababu nyingine, iitaje sababu yenyewe. Jasho likamtoka. Mwishowe akaandika tena, polepole, Kaaha Rage Diriye.

"Bonyeza," akasema Kaaha.

Akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu, safari hii marefu. Ilhan akayasoma kimya, midomo ikitikisika.

"Soma kwa sauti. Nimekataliwa mbele ya watu, nitajibiwa mbele ya watu."

"Ayeeyo, afadhali nikunong'oneze."

"Soma."

Ilhan akasoma. "Inasema: 'Kaaha Rage Diriye amekwisha kuandikwa kuwa marehemu. Taarifa imeletwa na mfiwa, Bishar Abdiwahab, chumba cha wanaume, asubuhi ya leo.'"

Nje, upande wa pili wa ua, mzee mmoja mwenye bakora alikuwa anatoka langoni akiswaga mbuzi, na Kaaha alikuwa amekwisha kufika dirishani.

"Bishar," aliita, "simama hapo hapo. Hao mbuzi ni wangu, mimi ndiye niliyekufa."