Ukuta wa Sikudhani

"Shoga, ukuta wangu nimeuziba mdomo!" Sikudhani alitamba kwenye simu, akibana kanga mbichi juu ya kitundu cha ukutani.

Siku hizi ukungu ukiota kwenye nyumba ya kupanga, hakuna kugombana; huulizwa ukuta. Ukuta ukisema bomba linavuja, mwenye nyumba hutengeneza. Ukisema mpangaji anaanika nguo ndani, mpangaji huhama kabla ya magharibi. Na Sikudhani ana kichanga cha miezi mitatu. Kwa mvua hii, nepi azianike wapi, kichwani?

Mzee Shekiondo, mwenye nyumba, alipiga hodi saa nne asubuhi. Akakwangua weusi nyuma ya kabati.

"Mwanangu, ukungu huu wa nani?"

"Wa bomba lako, baba. Humu ndani hakianikwi hata kitambaa."

Mzee akaibandua ile kanga taratibu. Ikamlowesha mkono.

"Haya ukuta, sema."

Ukuta ulikohoa kwanza, kama shahidi aliyezoea mahakama. Kisha ukasema, kwa sauti ya Sikudhani mwenyewe, kwa madaha yale yale:

"Shoga, ukuta wangu nimeuziba mdomo!"

Mgongoni, mtoto akamsikia mama yake. Akageuza shingo, akauchekea ukuta.