Mapaja ya Bata

Sheria ilitaka kila bonde lirudishwe lilivyokuwa zamani za kale, na shahidi wake ni mifupa ya ndege iliyofukiwa mapangoni. Mifupa ya pango la Mlaleni aliichunguza Wakesho. Ilikuwa ya bata maji, basi akaandika kwamba bonde lile lilikuwa ziwa. Likajazwa maji. Mashamba na makaburi yakazama, na mama mkwe wake akahamia kwake mjini, ghorofani.

Jumapili moja mama alifungua pakiti ya kuku wa dukani, akaguna.

"Mkaza mwanangu, kuku gani huyu? Mapaja matupu! Kichwa kiko wapi? Miguu je?"

"Wanachinjiwa mbali, mama. Huku tunaletewa mapaja tu."

Maneno yalipomtoka, Wakesho alishika ukingo wa meza. Mifupa yote ya pangoni ilikuwa ya mapaja. Hakuona fuvu wala bawa, na hakujiuliza kwa nini. Bata wale hawakuwahi kuishi Mlaleni. Watu wa kale waliwachinja kwingine, mbali, wakaja na nyama yao kuilia pangoni.

Chakula kilipoiva, mama alimpakulia paja lililonona kuliko yote.

"Kula, mwanangu, wewe uliyesoma. Mimi sina kinyongo. Marehemu baba yenu nimewaachia hao bata, alale nao humo majini. Hebu niambie, wamesharudi kwao?"

Wakesho akalitia paja mdomoni, akatafuna polepole, ili asiweze kujibu.