Upande wa Mzee

Mzee aliyerudi juzi kutoka kambi ya wakoma alikunywa divai ya Meza ya Bwana, na kanisa letu dogo la Temeke likaacha kuimba. Daktari wa Kiingereza alisema amepona. Lakini vidole vyake havikuota tena, na sie tulikuwa tunatazama vidole.

Aliyepiga magoti karibu yake alikuwa Namsifu, mtoto mgongoni.

"Nilikuomba mie ninywe mwisho, Mchungaji," mzee alinong'ona.

Mchungaji alifuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa, akakizungusha kama ilivyo desturi, ili Namsifu apate upande mwingine.

"Mwanangu, fikiria mtoto," mama mkwe wa Namsifu alisema kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Namsifu hakugeuka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakizungusha kurudi nyuma polepole mpaka pale pale mzee alipoweka midomo. Akanywa.

Mama mkwe akainuka, akajifunga kanga upya. Tukampisha, tukidhani anakwenda mlangoni. Akaenda mbele, akapiga magoti kando ya Namsifu, akanyoosha mikono apokee kikombe.